Mizani na Kutu: Historia ya Kupima Jinsi Hewa Ilavyo Madini

Miongoni mwa adui wa kazi za mikono ya binadamu, hapana aliye mpole wa mwendo na mkubwa wa hasara kuliko kutu. Moto huunguza kwa kishindo na gharika huja kwa ngurumo, lakini hewa, ambayo pasipo nayo hapana kiumbe awezaye kuishi, huyala madini usiku na mchana bila ya mlio wala harufu, hata siku ile mwenye mali atakapogusa kwa kidole na kukiona kidole kikipenya. Katika miji ya pwani yetu, tangu Lamu mpaka Kilwa, jambo hili halihitaji shahidi: bati lililoezekwa mkabala wa bahari hutoboka mapema kuliko bati la namna ile ile lililoezekwa bara, na msumari ulioachwa wazi penye upepo wa chumvi huvimba ukaupasua ubao ulioushika. Walakini ajuaye kwamba kutu hula hajapata kujua bado inakula kiasi gani, kwa kasi gani, na kwa sababu ipi. Na maarifa haya matatu hayakupatikana kwa macho, bali yalipatikana kwa mizani. Insha hii yasimulia jinsi binadamu walivyojifunza kuipima kutu, tangu zama za ratili na wakia hata zama hizi ambapo kipande cha jiwe chembamba kama ukucha hupima uzani usioweza kuonekana kwa darubini. Na hoja yake ni moja, kwamba kila mizani ilipozidi kuwa nyepesi ya kuhisi, sababu moja zaidi ya kutu ilitoka gizani.

Habari huanza Ufaransa, katika mwaka wa 1630. Tabibu mmoja wa jimbo la Périgord, Jean Rey, aliulizwa swali na mtengeneza dawa aitwaye Brun, wa mji wa Bergerac. Brun alikuwa amechukua ratili 2 na wakia 6 za bati safi la Kiingereza, akalitia katika chombo cha chuma, akalichoma juu ya moto mkali kwa muda wa saa 6, akilikoroga bila kuongeza kitu. Na mwisho wa kazi akaokota unga mweupe wenye uzani wa ratili 2 na wakia 13. Wakia 7 zilikuwa zimezidi, na hapana aliyezitia. Mtu aliyezoea kuamini kwamba moto hupunguza kila ukigusacho alikuwa na haki ya kustaajabu. Rey alijibu katika kitabu kidogo kwamba uzani ule ulitoka hewani, kwa kuwa hewa iliyo juu ya chombo huwa nzito kwa joto na kushikamana na chembe za unga. Jibu hili lilikuwa na kasoro katika maelezo, lakini lilikuwa kweli katika kiini chake. Ila lilitangulia wakati wake, na kwa muda wa karibu miaka mia moja na hamsini lilisahauliwa.

Katika muda huo wanazuoni wa Ulaya walifuata rai nyingine, iliyoenezwa na Mjerumani Georg Ernst Stahl, kwamba madini yakiungua au yakiota kutu hupotewa na kitu kilichokuwa ndani yake kiitwacho flojisto. Rai hii ilieleza mengi kwa ufasaha, isipokuwa jambo moja, nalo ni mizani. Maana kitu kilichopotewa na sehemu yake hakistahili kuzidi uzito. Aliyeishika hoja ya mizani akaifanya hakimu wa mwisho alikuwa Antoine Lavoisier wa Paris, mtu aliyetumia mali yake nyingi kuagiza mizani bora kuliko zote zilizokuwapo katika zama zake. Mnamo 1774 alitia bati katika chupa, akaiziba kabisa, akaichoma. Na alipoipima kabla ya kuifungua, uzani haukuwa umebadilika hata kidogo. Alipoifungua, hewa iliingia kwa mvumo, na hapo ndipo uzani ulipozidi. Ikawa dhahiri kwamba madini huchukua sehemu ya hewa, sehemu ambayo Lavoisier mwenyewe aliipa jina la oksijeni. Alikatwa kichwa katika mapinduzi ya nchi yake, mwezi wa Mei 1794, lakini kanuni yake ilidumu: kutu ni mali iliyoongezeka, na kila kilichoongezeka chaweza kupimwa.

Tungedhani kwamba tangu siku ile kupima kutu ya hewani kungekuwa kazi nyepesi. Haikuwa hivyo. Bati lililochomwa motoni hugeuka kwa saa 6, lakini feleji iliyowekwa nje katika upepo wa kawaida hugeuka kwa miezi na miaka, na kiasi kinachoongezeka kwa siku moja ni kidogo hata mizani ya Lavoisier isingelikitambua. Kwa ajili hiyo wahandisi wa karne ya ishirini walishika njia ya subira. Mnamo 1916 jumuiya ya Marekani ya kupima vifaa vya ujenzi ilitundika mabamba ya feleji katika mahali patatu, Pittsburgh penye moshi wa viwanda, Fort Sheridan kando ya ziwa, na Annapolis karibu na bahari, ili kujua kama feleji iliyochanganywa na shaba nyekundu kidogo hudumu kuliko feleji tupu. Kisha wakaketi kungoja mabamba yatoboke.

Njia hii, ambayo hata leo haijaachwa, ina adabu zake. Kibao cha madini hukatwa kwa kipimo maalumu, husuguliwa, huoshwa mafuta, hukaushwa, hupimwa, kisha hufungwa juu ya kichanja kilichoinama kuelekea upande wa jua au wa bahari, kikishikwa na vishikizo visivyopitisha umeme ili madini mawili tofauti yasigusane yakaharibiana. Baada ya mwaka mmoja, au miaka miwili, au minane, kibao huteremshwa na kutiwa katika dawa ya asidi iondoayo kutu bila kugusa chuma kizima kilicho chini yake. Kinapokuwa safi hupimwa mara ya pili, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo hesabu ya kile hewa ilichokula. Hapa pana jambo la kuangaliwa: Rey na Lavoisier walipima kilichoongezeka, ilhali wenye vibao walipima kilichopotea, kwa sababu kutu ya nje hubambuka, huoshwa na mvua na kupeperushwa na upepo, hata nyongeza yake isiweze kuaminiwa.

Faida ya vibao ilikuwa kubwa. Mnamo 1935 ilianzishwa huko Kure Beach, katika pwani ya North Carolina, stesheni ambayo ilikuja kupata sifa ulimwenguni kote, na viwanja vyake viwili vya vibao vikawa funzo kwa kila mhandisi: kimoja kipo kadiri ya mita 25 kutoka baharini na cha pili kadiri ya mita 250, na feleji ya kiwanja cha kwanza iliharibika mara kadhaa kuliko ile ya cha pili, ingawa mvua iliyovinyeshea ilikuwa moja na jua moja. Nao Waingereza walituma vibao vya chuma katika nchi nyingi, wakaona kwamba chuma kilichokaa Khartoum, katika joto kali na hewa kavu, kilikaribia kubaki kama kilivyokuwa, ilhali kile kilichokaa Sheffield, katika ubaridi na moshi, kililiwa vibaya. Hivyo dhana ya watu wengi, kwamba joto ndilo liozeshalo kila kitu, ilikanushwa kwa mizani.

Lakini kibao kina upungufu usioondoka. Hukuambia jumla ya mwaka na hakikuambii siku. Yawezekana nusu ya hasara yote ilifanywa katika juma moja la ukungu na moshi, na miezi mingine kumi na moja haikufanya kitu, kibao kitanyamaza. Ni sawa na hakimu atoaye hukumu bila kutaja mkosaji. Aliyetaka kumjua mkosaji ilimpasa kuichukua hewa yenyewe ndani ya maabara, kuitenganisha sehemu kwa sehemu, na kuangalia kila sehemu hufanya nini.

Kazi hiyo iliangukia mikononi mwa mwana-kemia Mwingereza, W. H. J. Vernon, ambaye tangu miaka ya 1920 alipima uzani wa vipande vya chuma na shaba kwa utaratibu na uvumilivu unaostahili kusifiwa. Katika jaribio lake moja alining'iniza kipande cha chuma ndani ya kizimba cha kitambaa cha melimeli, na kingine akakiacha wazi ndani ya chumba kile kile. Hewa na unyevu vilipita katika melimeli bila kizuizi, ila vumbi lilizuiwa. Kipande cha wazi kikaota kutu. Kile cha ndani ya melimeli kikabaki safi kwa muda mrefu. Kwa nguo nyembamba kama ile, Vernon alidhihirisha kwamba vumbi ni mshirika wa kutu. Kisha, katika miaka ya 1930, alikitia chuma katika hewa aliyoichanganya mwenyewe, yenye dioksidi ya salfa kidogo sana, sehemu 1 katika 10,000, akawa anaongeza unyevu hatua kwa hatua huku akipima. Uzani ulikaribia kusimama hata unyevu wa hewa ulipofika kadiri ya asilimia 60. Hapo mstari wa kipimo uliinuka ghafla. Salfa peke yake haikuweza kitu, na unyevu peke yake haukuweza kitu kikubwa, lakini vilipokutana juu ya mpaka ule chuma hakikuwa na salama. Khartoum na Sheffield zikafahamika kwa pamoja: mji wa kwanza uko chini ya mpaka, na wa pili ulikuwa juu yake na moshi ndani yake.

Vernon huyo huyo, pamoja na mwenzake L. Whitby, alichunguza kutu ya kijani inayofunika mapaa ya kale ya shaba nyekundu, ambayo vitabu vilisema ni kabonati, na akakuta kwamba aghalabu ni salfati, jamaa ya mrututu unaouzwa madukani. Moshi wa makaa ya mawe ndio uliokuwa umeyapaka rangi makuba ya Ulaya.

Mizani ya Vernon ilikuwa mizani ya mkono na sahani, iliyofikishwa kwenye ukingo wa uwezo wake. Mizani iliyokuja baadaye haikuwa na mkono wala sahani, na asili yake ilikuwa mbali kabisa na habari za kutu. Mnamo 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, kwatzi ikiwa mojawapo, zikibanwa hutoa umeme juu ya nyuso zake. Na mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba fuwele ikipewa umeme hujikunja. Katika Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin aliitumia kwatzi kupeleka sauti chini ya maji ili kutafuta nyambizi. Baada ya vita, mnamo miaka ya 1921 na 1922, Mmarekani Walter Cady alionyesha kwamba kipande cha kwatzi kinachotetema chaweza kuiongoza mitambo ya redio isiteleze kutoka katika wimbi lake. Mnamo 1934 ikapatikana namna ya kuikata kwatzi kwa pembe ya nyuzi 35 na robo, ambayo mtetemo wake haubadiliki karibu kabisa kwa joto la kawaida la chumba. Mafundi wa redio walijua tangu zamani kwamba alama ya kalamu ya risasi ikichorwa juu ya fuwele hupunguza mtetemo wake. Kwao ilikuwa hila ya kurekebisha mitambo, na uchafu uliotua juu ya fuwele ulikuwa adha.

Aliyeigeuza adha hiyo kuwa kipimo alikuwa Mjerumani Günter Sauerbrey, wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Katika makala aliyoitoa mwaka 1959 alithibitisha kwamba utando mwembamba na mgumu ukitua sawasawa juu ya fuwele, mtetemo hupungua kwa kiasi kinacholingana sawasawa na uzani wa utando huo, hata mtu aweza kuhesabu uzani kwa kuhesabu mitetemo. Mpiga ngoma abandikapo nta juu ya ngozi ya ngoma yake, sauti hushuka, na kadiri nta izidivyo ndivyo sauti izidivyo kuwa nzito. Sauerbrey aliifanya sauti hiyo isome uzani wa nta.

Yafaa tukitazame chombo chenyewe kwa karibu. Ni kisahani cha mviringo, upana wake kadiri ya kidole gumba, unene wake kadiri ya theluthi moja ya milimita, king'aavu kama kioo. Pande zake mbili zimepakwa dhahabu nyembamba ili umeme upite, na juu ya dhahabu ya upande mmoja hupakwa, katika chombo kisicho na hewa, utando wa madini yanayotakiwa kuchunguzwa, kama vile shaba nyekundu, fedha, zinki au risasi. Kisahani cha kawaida hutetema mara 5,000,000 kwa sekunde moja. Kikipata mzigo wa nanogramu 17.7 juu ya kila sentimita ya mraba, nao ni uzani wa chini ya sehemu 1 katika 50,000,000 za gramu, hupoteza mtetemo mmoja kwa sekunde. Na kuhesabu mtetemo mmoja katika milioni tano ni kazi ambayo mitambo ya umeme huifanya bila taabu. Shaba nyekundu ikiota oksidi yenye unene wa nanomita 1, yaani milioni moja zake zikirundikwa hutimia milimita moja, oksijeni iliyonaswa hushusha mitetemo kama 4. Kibao cha kichanjani kingehitaji miezi ili kusema neno. Fuwele husema kwa saa, na wakati mwingine kwa dakika.

Mnamo 1964 William H. King wa Marekani alionyesha kwamba fuwele ikipakwa kitu kinachonyonya mvuke huweza kuutambua mvuke huo hewani, na tangu hapo njia ilikuwa wazi. Lakini wepesi wa kuhisi una gharama yake. Mizani inayohisi oksidi ya nanomita moja huhisi pia maji yanayotanda juu ya madini unyevu uzidipo, na vumbi litualo, na chumvi ipeperushwayo. Yote humhesabikia mpimaji kuwa uzani, na mashini haijui kutenga kutu na umande. Watafiti wa Stockholm, Mattias Forslund na Christofer Leygraf, walipokitoa chombo hiki nje ya maabara katikati ya miaka ya 1990, walikabili shida hiyo. Mojawapo ya njia walizofuata ilikuwa kuchunguza fuwele iliyopakwa dhahabu peke yake, madini ambayo hewa haiyali: kilichozidi juu ya dhahabu ni vumbi na maji yaliyonyonywa na vumbi hilo, na kwa kujua kiasi hicho, sehemu ya kutu katika fuwele nyingine yaweza kupambanuliwa. Nalo vumbi lenyewe likajifichua: chembe za chumvi zilizotua juu ya dhahabu zilikunywa maji unyevu ulipopanda na kuyaachia ulipopungua, siku baada ya siku. Siri ambayo Vernon aliihisi kupitia kizimba cha melimeli sasa ilionekana ikitendeka saa kwa saa.

Manufaa yake hayakubaki vitabuni. Tangu Julai 2006 Jumuiya ya Ulaya ilikataza risasi katika vifaa vingi vya umeme, kwa ajili ya afya ya watu. Viwanda vikaanza kutumia fedha zaidi katika bodi za kompyuta, na fedha ni rafiki dhaifu mbele ya salfa. Katika vyumba vya kompyuta vilivyo karibu na viwanda au barabara zenye moshi, vifaa vipya vikafa kabla ya wakati wake. Wahandisi wakashika kanuni kwamba chumba ni salama ikiwa kutu ya shaba nyekundu haifikii nanomita 30 kwa mwezi na ya fedha haifikii 20. Na mtu anayetaka kujua hali ya chumba chake leo, asingoje mwezi uishe, hana chombo kinachomfaa kuliko fuwele iliyopakwa madini hayo mawili.

Hali kadhalika katika makanisa ya kale ya Ulaya yenye vinanda vikubwa vya mabomba. Mabomba ya vinanda hivyo yametengenezwa kwa risasi na bati, na baadhi yake, kama yale ya kanisa la St. Jakobi huko Lübeck, yameishi karne nyingi. Lakini yalipatikana yakitoboka miguuni kwa mvuke wa asidi ya siki utokao katika mbao za mwaloni za kinanda kile kile. Fuwele zilizopakwa risasi zilitiwa ndani ya vinanda vya namna hiyo, zikapima mvuke ule palepale ulipo, pasipo kugusa bomba hata moja. Adui alikuwa ndani ya nyumba, na mizani ikamtaja.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kipimo kipya kimekiua cha zamani. Kanuni ya Sauerbrey hushika maadamu utando ni mwembamba na umeshikamana. Kutu ya feleji ya bandarini, nene na yenye magamba, huishinda fuwele katika muda mfupi. Kwa ajili hiyo kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 1992 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2012 zaendelea kuugawa ulimwengu kwa vibao vya feleji, zinki, shaba nyekundu na alumini, tangu daraja la kwanza, ambamo feleji haipotezi zaidi ya maikromita 1.3 katika mwaka wa kwanza, hata daraja la sita, lililoongezwa 2012, ambamo hupoteza zaidi ya maikromita 200 na huweza kufika 700. Kibao ndicho mwandishi wa hesabu ya mwaka, na fuwele ndiyo mwandishi wa habari za saa; aliye na kimoja bila ya kingine ana nusu ya maarifa.

Maarifa hayo yatupasa sisi wa pwani kuliko wengi. Nyumba zetu, madaraja yetu, majahazi yenye injini, nguzo za umeme, na hazina za majumba ya makumbusho ya Mombasa na Unguja vyote vimesimama katika upepo ule ule wa chumvi ambao Kure Beach iliupima tangu 1935, na unyevu wetu huupita mpaka wa Vernon sehemu kubwa ya mwaka. Kichanja cha vibao hakihitaji mali nyingi. Chahitaji chuma kilichokatwa vizuri, mizani njema, daftari, na mtu mwaminifu atakayerudi baada ya mwaka. Fuwele ya kwatzi na mtambo wake ni vyombo ambavyo maabara ya chuo kikuu yaweza kuvimiliki, na mwanafunzi mwenye bidii aweza kujifunza kuvitumia. Basi kila shule ya ufundi na kila chuo kilicho karibu na bahari na kiweke kichanja chake, kipime, kiandike na kitangaze. Maana anayejenga kwa hesabu za hewa ya nchi nyingine hulipa gharama ya kutu mara mbili, kwanza anunuapo kinga isiyomfaa, na tena alichokijenga kiangukapo.